Nusu ya Picha ya Harusi

Dresden, Februari

Kaka Gotthard,

Baridi bado kali, na goti la mama limegoma kupanda ngazi. Lile kanisa lililobomolewa vitani linajengwa upya, na mafundi wanaomba picha za harusi zilizopigwa mlangoni pake, wajue mlango wa zamani ulichongwaje. Mama akawapelekea yake. Unakumbuka baba alipotuacha akaenda nawe Köln, mama aliikata kwa mkasi, akamtumia baba nusu yenye sura ya baba mwenyewe?

Fundi akacheka. "Bibi, mbona hapa naona shela tu? Mlango wote uko upande wa bwana!"

Mama hakucheka. Tulipofika nyumbani akalitaja jina la baba, mara ya kwanza tangu atuache. "Muulize kaka yako kama Reinhold aliitunza."

Ndiyo maana nilikupigia simu. Ulivyonijibu nimemwambia vilevile: kwamba baba aliibeba kwenye pochi maisha yake yote, na mkamzika nayo.

Mama aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Mjinga yule. Si angeniandikia tu?"

Mlango watauchonga kwa picha za maharusi wengine.

Dada yako anayekukumbuka,
Roswitha