Kicheko cha Kitufe cha Kona

Binti yangu,

Chakula kipo jikoni, pasha moto. Mlango wa nyuma uvute kwa nguvu.

Na hiyo mashine yako ya midundo, nimekwambia mara ngapi uizime ukimaliza? Umeiacha inarekodi. ~~Kosa ni lako.~~

Kila asubuhi kabla hujaamka huwa nabonyeza kile kitufe cha kona, ulikoweka kicheko cha marehemu mama yako. Leo taa nyekundu ilikuwa inawaka, nami nikabonyeza tu. Hakucheka. Nikamwita, kama mjinga. Nilipobonyeza tena, mahali pa kicheko chake nilisikia kikohozi changu na sauti yangu ikimwita.

Kama una kicheko hicho mahali pengine, kirudishe nikikute nikitoka kazini. Kama huna, usiniambie leo.

Baba