Nilimjibu Mama kwa Kidole Gumba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kushika kichwa changu, maana sijui kama bado kiko shingoni. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na drai moja inayonguruma kama mashine ya kusaga, na simu yangu huwa naiegemeza kwenye kioo niione huku nasuka, na simu hiyo hainyamazi, kuna grupu la ukoo, grupu la wasusi, grupu la wazazi wa darasa la mwanangu, grupu la wapangaji ambako watu wanagombana nani afagie ngazi, grupu la niliosoma nao, na jingine ambalo hadi leo sijui niliingizwa na nani, na kote huko ukikaa kimya unaambiwa unaringa. Sasa mikono ya msusi ina mafuta, siwezi kuandika, nikajizoesha kugonga alama kwa kifundo cha kidole cha mwisho, huyu namwekea kidole gumba, yule kopa jekundu, mpaka zile namba nyekundu ziishe, nazo haziishi.

Mama yangu ni mjane na anaishi peke yake. Haandiki, macho hayamruhusu, yeye hutuma sauti, na sauti zake ni ndefu, anaanza kwa kumsalimia kila aliye nyumbani mwangu mpaka paka. Wiki iliyopita alituma moja drai ikiwa inanguruma na kichwa cha mteja kiko mikononi mwangu, nikaiwekea kidole gumba na kopa kama kawaida, nikijua nitaisikiliza baadaye, na hiyo baadaye ikafunikwa na meseji nyingine. Kesho yake grupu la ukoo likafurika pongezi, nikadhani binamu yangu amejifungua maana alikuwa amekaribia, nikamgongea kila mtu kopa, na safari hii nikafuta mikono kabisa nikaandika, "Tumshukuru Mungu, tulisubiri sana."

Mdogo wangu ndiye aliyenipigia. "Dada, kumbe wewe ndiye uliyembariki fundi? Na tena unasema ulisubiri sana?"

Fundi gani? Ni seremala aliyekwenda kwa mama kurekebisha mlango wa jikoni, na tangu hapo kila akipita anakuta kitu kingine kimelegea. Amemposa mama. Mama akamwambia hatampa jibu mpaka kifungua mimba wake aseme neno, na neno lenyewe likawa kidole changu. Nikaitafuta ile sauti, nikasikiliza hadi anaposema, "Kuna jambo nataka kukuuliza, mwanangu, linamhusu yule fundi," nikaizima, na mpaka leo nimeshindwa kuendelea.

Mshauri, sijielewi. Nina hasira lakini sijui na nani, maana siwezi kusema sikuulizwa na hali niliulizwa, wala siwezi kusema nilikubali na hali sikusikia, wala sijui kama ningekubali, baba nilimpenda, na huyo fundi sina ubaya naye, mlango kweli unafunga vizuri. Mama ana furaha ambayo sijamwona nayo miaka mingi. Jumamosi anakuja nimsuke kwa ajili ya siku pande mbili zitakapokutana. Nimwambie ukweli nimvunje moyo, au nimsuke tu ninyamaze? Nijitoe kwenye magrupu yote? Niuze simu? Hata sasa naandika imelia, nimegonga kidole gumba, na sijui nimekubali nini.

Msusi niliyevurugwa

Pole, binti yangu. Nisikufiche, nilicheka kwanza, hasa hapo pa "tulisubiri sana", kisha nikakasirika.

Umeniuliza maswali lukuki kwa pumzi moja, wakati mama yako alikuuliza moja tu. Umepata nafasi ya kuniandikia barua yote hii, lakini nafasi ya kumsikiliza aliyekuzaa mpaka mwisho hujaipata. Usiniambie ni drai. Drai ilikuwa sababu siku ile. Siku zilizofuata ni woga wako.

Simu usiiuze, haina kosa, na wateja watakupata wapi? Baki na grupu la ukoo na la wazazi wa darasa. Mengine yanyamazishe leo hii, na lile usilojua nani alikuingiza, toka bila kuaga. Wakisema unaringa, ringa. Mtaka yote hukosa yote. Ukiwa na kichwa cha mtu mkononi, simu ikae kwenye droo pamoja na vichanuo. Na ujumbe wa mama haujibiwi kwa alama. Ukiwa na shughuli, usimjibu, atangoja. Kimya cha mtoto aliyebanwa na kazi mama hukielewa. Kidole gumba alikiamini.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mama yako hahitaji ruhusa yako, ni mtu mzima, amekulea na amemzika mumewe. Alichotaka ni kutoingia kwenye furaha hiyo akiwa amekuacha nyuma. Ukimficha, kila atakapokushukuru mbele za watu utainamisha uso, naye atadhani unamchukia fundi, kumbe unajionea haya mwenyewe.

Kesho, kabla hujafungua saluni, kaa kwenye kiti cha mteja na usikilize ile sauti mpaka inyamaze yenyewe. Mtu aliyeanza kwa kumsalimia paka hakuishia kwa fundi. Mimi pia ni mama, na najua lile neno tunaloliogopa huwa tunaliweka mwisho.

Jumamosi funga mlango, mkalishe, na kabla kichanuo hakijagusa nywele mwambie, "Mama, nilijibu kabla sijasikia. Naomba uniulize tena." Atanuna. Mwache anune, nywele hazina haraka. Kisha atakuuliza, na wewe umjibu kwa mdomo. Kama ni ndiyo, sema ndiyo. Kama ni bado, sema bado, na umwambie wazi kwamba ni kwa sababu ya baba, si kwa sababu ya fundi. Na umwambie mkitazamana kwenye kile kioo, mahali palepale ulipokuwa ukiegemeza simu.