Moyo Ulionipa Bado Ni Ule Ule

Mama yangu uliyelala Muyinga,

Leo nakuandikia kwa majivuno, na usinikemee.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha kwenye kigoda, unanigeuza, unabandika sikio mgongoni? Nilikuwa nimepona homa ya maungo, lakini nikipanda mlima wa sokoni pumzi zinaniishia. "Moyo yako iko inapuliza," ulisema, "kama mtu anawasha mbabura." Majirani wakakucheka: jiko la makaa kifuani mwa mtoto! Wakaniita mvivu. Ukawajibu, "Mi nimesikia na sikio yangu. Ndoo yake utabeba we." Ukaniepusha na kazi nzito mpaka nikaolewa huku Gitega. Ulifariki ukiwa bado unabishana nao.

Ulisikia sawasawa, Mama. Pumzi ziliponizidi nilikwenda hospitali, daktari akanigeuzia skrini ya ekografi, mashine inayoonyesha viungo vya ndani, nikauona moyo wangu ukicheza. Vali moja, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, ilikuwa haifungi vizuri. "Ndiyo inayopuliza," akasema. Nililia kwa furaha, yeye akadhani naogopa.

Nilichoogopa kilikuwa kingine. Kama wangeniwekea vali ya chuma badala ya ile yangu, ningemeza dawa za kuzuia damu kuganda maisha yangu yote, na kubeba mimba kungekuwa hatari. Nami nilitaka mtoto. Mama mkwe naye alikuja mbio kutoka Nyamugari na hofu yake, maana alisikia kuwa vali nyingine hutolewa kwa wanyama: "Dokta, mutamutilia ya nguruwe?" Daktari mpasuaji akacheka, akamwonyesha picha ya moyo wangu kwenye kompyuta, akiizungusha pande zote: hapa tutakata, hapa tutatia kiraka cha utando unaofunika moyo wake mwenyewe. "Ile yake tunaitengeneza, Mama, hatuitupe." Yote yalipangwa kabla kisu hakijagusa ngozi.

Wakaishona. Niliporudi nyumbani nilimwomba mume wangu abandike sikio mgongoni, kama wewe. Akalihamisha sikio huku na huku. "Haipulize tena," akasema. "Iko inapiga tu."

Bado narudi kupimwa, usiwe na wasiwasi. Ila najivunia, Mama: najivunia madaktari wale, na zaidi najivunia sikio lako lililowatangulia wote.

Nina binti sasa, ana jina lako. Jana nilipanda naye mlima wetu ule wa sokoni huko Muyinga, nimembeba mgongoni, bila kupumzika. Alikuwa amelala, sikio lake limebanwa pale pale ulipokuwa ukiweka lako.

Lala salama, Mama. Nasi tuko salama.

Mwanao,
mama wa jina lako