Ukiulizwa, Bonyeza Ndiyo

Kaloleni, Arusha
14 Juni 2003

Kwako mpendwa rafiki yangu Namelok,

Pokea salamu zangu pamoja na za mama yangu, ambaye hakosi kukutaja. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Juni imetushika kwelikweli na mlima una wiki nzima umejifunika. Wasiwasi wangu ni wewe na hali yako huko India, maana najua umepitia mwezi mgumu. Najua kuliko unavyodhani, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukaa kwenye kompyuta.

Kazi yangu ya kafe ya intaneti bado ninayo. Watu wananiita mwalimu, ungesikia ungecheka. Huyu anauliza kwa nini akichapa herufi mpya, za zamani zinamezwa. Yule barua yake imetoweka, kumbe ameishusha tu pale chini ya kioo. Mzee mmoja alitaka kujua huyo anayempigia mistari myekundu ameketi wapi, wakaonane. Nawajibu wote, na sijawahi kumwambia mtu kwamba sijui, ingawa Kiingereza changu wewe unakijua, maana shuleni nilikuwa nanakili chako.

Kuna kisanduku kinachojitokeza mtu akishaingiza neno lake la siri. Kinauliza jambo kwa Kiingereza. Walioniita niliwaambia wabonyeze ndiyo, kwa sababu ukibonyeza ndiyo kinaondoka. Mama yako alisita, akasema hajui anakubali nini. Nikamwambia huyo ni kama mgeni aliyepiga hodi kwa adabu, je, atamkatalia? Akacheka, akabonyeza. Kwenu Moshono mgeni hakatazwi mlango, nami nilijua hilo litamshinda.

Basi ile Jumamosi imeli yako ilipofika tuliisoma pamoja, mimi na mama yako. Uliandika kwamba umejifungua, kwamba mtoto si wa mchumba wako Ndesanjo, na ukamwomba mama akae kimya mpaka umweleze Ndesanjo mwenyewe. Mama alilia kidogo, akajifuta kwa khanga, akaniomba nifunge. Kiti chake kikakaliwa na Tajeu, yule binamu wa Ndesanjo anayeuza mahindi. Wiki haikuisha, Kikatiti yote, kwao Ndesanjo, ikawa imejua. Wazee wa Ndesanjo walikuja Moshono kuvunja uchumba mbele ya mzee wa kanisa, majirani wakisikiliza.

Mama yako akaja kuniuliza kama kompyuta inaweza kutoa siri. Nikamjibu kitaalamu kabisa kwamba haiwezekani, asiye na neno la siri hafungui, na neno hilo tunalijua watatu tu: yeye, mimi na wewe. Nikaapa kwamba mdomoni mwangu halikutoka lolote, na kweli halikutoka. Akabaki na wewe tu wa kumshuku. Akaamini uliwaandikia watu wa Kikatiti mwenyewe, ukamwachia yeye aibu aipokee peke yake.

Siku chache baadaye Mwalimu Sabina, yule mstaafu, aliniita kwenye mashine ile ile. Alikuwa ameandika herufi M, inayoanza anwani yake, yakashuka majina ya watu asiowajua. La mama yako lilikuwa la kwanza. Alipoligusa, neno la siri likajijaza lenyewe. Akaniuliza ni kwa nini anafunguliwa milango ya wenzake. Alipoingia kwa jina lake mwenyewe, kile kisanduku kikatokea, akanisomea. Kinauliza kama mashine ilikumbuke neno lako la siri. Namelok, nikakumbuka nani alikalia kiti kile baada ya mama yako. Anwani ya Tajeu nayo inaanza na M.

Ilinipasa nimkimbilie mama yako siku ile ile. Sikwenda. Niliogopa watu wajue kwamba mwalimu wao hajui kusoma anachofundisha.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Ile imeli uliyoipata, ya kwamba usimwandikie tena na kwamba hana binti India, mama yako alinitajia tu maneno. Niliyachapa mimi, nikayapanga vizuri, nikatuma. Na siku hiyo nilikuwa nimeshajua ukweli. Alikaa pembeni yangu, ningeweza kumshika mkono nikamwambia, na sikumwambia. Sina utetezi. Naona haya hata mteja akiniita mwalimu.

Jana nilipanda Moshono nikamweleza yote, tukiwa jikoni. Sikutarajia chai, nilitarajia kufukuzwa. Hakunifukuza wala hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, kama ile barua inaweza kurudishwa. Nikamwambia haiwezi, ikishatumwa imetumwa. Katika yote aliyowahi kuniuliza kuhusu kompyuta, hilo ndilo la kwanza nililomjibu kwa ukweli. Akainama akachochea moto. Baadaye, bila kunitazama, akaniagiza nikuandikie kwa mkono wangu, nikuulize mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama ameshapewa jina. Kama bado, anaomba msubiri jina kutoka kwake.

Mimi usiponijibu nitaelewa, wala sitakulaumu. Yeye mjibu. Mwandikie kwa posta, atakwenda kuchukua mwenyewe.

Mbusu mtoto kwa niaba yetu sote, na Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi niliyekukosea,
Maulida