Mzani Usio na Namba

Kijiji cha Dutwa,
S.L.P. 61,
Bariadi.
20 Agosti 1995

Mpendwa mjukuu wangu Luhende, mume wangu uliyenikimbia ukaenda kuoa Songea,

Ng'wangaluka. Najua huko hakuna wa kukuamkia hivyo, basi itikia hata kama uko peke yako. Tumsifu Yesu Kristo. Wewe hujambo? Mkeo Winnie hajambo? Mtoto Flora kifua kimepona, au bado mnamwacha achezee baridi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanigombeza kila nikiinama. Ng'ombe ni mhola, wazima wote. Mahindi yalikauka, pamba imekuja kiasi.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, ule wa ngumbaru. Shangazi yako Kabula ndiye huniandikia, lakini safari hii mambo yanamhusu mume wake, angeandika huku anapunguza. Herufi zikipinda nyoosha mwenyewe, si ndiyo kazi ya mwalimu.

Kwanza nina ugomvi na wewe. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba Novatus, huyo mume wake, anaimaliza injini ya marehemu mume wangu, guku yako, na kwamba ile Landrova heri auziwe Kasmiri wa Mwanza, mnunuzi wa chuma chakavu, kabla haijaisha yote. Ukajibu ndani ya wiki mbili: sawa bibi, iuzwe. Haraka hiyo ilitoka wapi? Nilipokuomba dawa ya goti ulikaa miezi minne. Gari guku yako alikuachia wewe, hukuuliza hata swali moja. Kasmiri anayo anwani yako? Hilo nataka unijibu.

Sasa sikiliza. Unajua Novatus alipunguzwa kazi gereji ya ushirika. Alipokuja kuomba ghala langu la pamba nilimpa, maana siku hizi ghala ni la panya tu. Wanunuzi binafsi wanabeba pamba hapo hapo uani. Humo akaanza kutengeneza magari ya zamani tu, yale ambayo wenyewe wameyakatia tamaa tangu haya ya Kijapani yamejaa barabarani. Akaomba na Landrova ya guku yako.

Unakumbuka gari lilivyokuwa linatetemeka. Guku yako akiweka kikombe chake cha bati juu ya boneti, injini ikiwaka, kikombe kinatembea chenyewe mpaka kinaanguka. Novatus akamwambia Kabula aniambie kwamba mtetemo unatokana na vyuma vinavyozunguka kuwa na uzito usiolingana, na yeye atavilinganisha. Nikajiuliza, chuma kimetoka Ulaya kimekamilika, yeye wa hapa Dutwa anakilinganisha na nini?

Mila unazijua. Mkwe akiwa ndani, mimi siingii. Kwa hiyo nilichungulia pale ukutani udongo ulipobanduka. Usinicheke, ghala ni langu.

Nikaona analaza vyuma viwili vyembamba sambamba, anavipima kwa pimamaji, halafu anaweka juu yake duara zito la injini na mhimili wake. Anaondoa mikono. Luhende, chuma kile kikajiviringisha chenyewe, polepole, mtu hajakigusa. Nilifanya ishara ya msalaba. Yeye akachora chaki upande ulioenda chini, akautoboa kidogo kwa drili, akarudisha. Siku mbili nzima, mpaka duara likawa ukiliacha popote linatulia popote.

Halafu mzani. Ni kijiti cha mninga kimening'inizwa kwa waya, huku mfuniko wa debe na huku mfuniko wa debe. Hauna namba, hauna mshale. Wenye namba wanunuzi wanatuibia nao kila msimu, sembuse usio na namba? Anaweka vile vyuma virefu mfano wa paja la mbuzi, anaviita konrodi, viko vinne. Kimoja upande huu, kingine upande ule. Kinachozidi anakikata kwa tupa. Anakipunguza, Luhende! Chuma cha guku yako kinamwagika chini kama pumba.

Unajua mimi na mizani. Hakuna mnunuzi anayepima pamba yangu kabla sijampimisha jiwe langu dogo la kusagia. Kilo tatu na nusu, walinipimia masista wa misheni. Msimu huu nimewafukuza wawili. Sasa mtu wa namna hiyo nyumbani kwangu mwenyewe?

Hapo ndipo Kasmiri alipopita, kaniletea na ugoro mzuri. Akaniambia, mama, fundi anayepunguza chuma cha watu, na vile vizima atavibadilisha lini, wewe ukiwa umelala? Tangu siku hiyo kila Novatus akitoka nilifagia zile pumba za chuma nikazitia kwenye kopo la ugoro. Ushahidi.

Mwisho wa mwezi wa saba akaifunga injini, akaiwasha. Kabula alileta kikombe cha guku yako, akakiweka juu ya boneti. Kikatembea. Kikaanguka. Novatus hakula siku hiyo, Kabula akalia. Mimi nikatuma neno kwa Kasmiri aje Jumamosi na lori lake, maana barua yako ya kukubali ninayo. Na Kabula nikamwambia mume wake ahamishe vitu vyake ghalani. Alinitazama kama si mimi niliyemzaa.

Alhamisi Novatus alikwenda Bariadi kwa baiskeli kutafuta oili. Injini alikuwa ameshaifungua tena, vyuma vyote vimepangwa juu ya gunia. Nikamwita mzee Mayala, mjumbe wetu wa nyumba kumi, tukaingia naye aviandike kimoja kimoja kabla havijapungua.

Konrodi mbili zilikuwa juu ya mzani, zimelingana. Ya kushoto ilikuwa na kitambaa cha bluu. Nikakumbuka kitu. Siku zote nilizochungulia, ile ya kitambaa haijawahi kuhama kushoto. Zile tatu zilikuja kwa zamu kulia, yenyewe imekaa tu. Nikawakumbuka wanunuzi ambao goti lao halibanduki chini ya gunia wakipima. Kitu kisichotaka kuhamishwa kina jambo. Nikazibadilisha, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto.

Ya bluu ikashuka.

Nilimwambia Mayala aandike, naye akaandika. Novatus akarudi, akatuona mlangoni, akazunguka nyuma ya ukuta kwa adabu. Nikamwambia Kabula, mwambie mumeo ni mwizi wa mzani. Kabula akasema, "Mayu, hilo silibebi mimi. Ukitaka, lifikishe mwenyewe."

Basi nikavunja mila. Nilisema na ukuta: "Novatus, mzani wako ni mwongo. Nimebadilisha pande."

Nilidhani amekimbia. Halafu akasema, sauti ndogo, "Mayu, upande upi umeshuka?"

"Wenye kitambaa."

Tukasikia baiskeli inaanguka. Akasema, "Siku zote hizi nautafuta ugonjwa huo. Mkono mmoja wa kijiti umezidi mwingine, na mimi sikuwaza kugeuza. Mayu, wabeja, asante sana."

Sasa wewe umesoma, nipimie. Mwizi akikamatwa anauliza, nani kakuruhusu kuingia? Anauliza, mmegusa nini? Huyu aliuliza upande upi umeshuka. Hilo nililala nalo, na asubuhi nikaamka nalo.

Mayala alinieleza vizuri maana Novatus alimchorea chini kwa kijiti. Zile tatu alizipunguza zikalingana zenyewe kwa zenyewe kwa haki kabisa. Ila ile aliyoifanya mfano wa wenzake ilikuwa imezidi kidogo, na mzani uliificha. Tatu ndugu, moja mgeni, injini ingetulia vipi? Akaikata ile moja tu, akawa anageuza pande kila mara. Ijumaa usiku akafunga injini.

Jumamosi Kasmiri akaja na lori na watu wa kupakia. Nikamwambia asubiri. Novatus akawasha, mimi nimesimama mbali kwa heshima ya ukwe, Kabula akaweka kikombe. Luhende, kikombe kilikaa. Kilikaa mpaka nikaona aibu kukitazama. Sauti ya gari ilikuwa ile ile ya guku yako akirudi kutoka Nassa, ila bila kugonganisha meno.

Kasmiri akasema ni oili mpya hiyo, kesho litaanza tena. Nikamwomba anipimie jiwe langu kwenye mzani wake wa chuma chakavu. Likatoka kilo mbili na kidogo. Nikamuuliza zilizobaki ziko wapi, akasema jiwe limechakaa, mama. Jiwe alilosagia mama mkwe wangu halijachakaa, nikamwambia, labda uso wako. Aliondoka na lori tupu.

Kwa hiyo, barua yangu ya mwezi wa sita ichane, na nikisikia umemsomea mtu tutakosana. Usitie sahihi karatasi yoyote itakayokuja kutoka Mwanza. Gari haliuzwi. Njoo Desemba na Winnie ulione kwa macho yako, maana hata mimi usiniamini kwa barua tu, umeona tulikotaka kufika.

Hapa kuna utaratibu mpya. Novatus akimaliza kupima anakohoa, anatoka kupitia mlango wa nyuma. Mimi naingia wa mbele, nageuza pande, natazama. Kikilingana naondoka kimya. Kisipolingana namwachia jiwe langu juu ya gunia, naye anajua. Hatujaonana uso kwa uso hata mara moja, na magari mawili yameshatoka. Kabula anasema mume wake hafungi injini mpaka mayu apite.

Lakini kopo la pumba za chuma bado ninalo, na ufunguo wa Landrova uko kwenye sanduku langu chini ya kitenge. Mtu mwema naye hupimwa pande zote mbili.

Shangazi yako Kabula anakusalimu, na mzee Mayala, na Novatus anakusalimu kupitia kwa Kabula, kupitia kwangu. Nisalimie Winnie, umwambie Flora apakwe mafuta ya ng'ombe kifuani. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe na uvivu kidogo wa kukubali mambo.

Ni mimi akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako,
Ng'washi