Visanduku Vitatu Makaburini

Patroni Kebede, bosi wangu,

Duka letu la kuchapa barua na fotokopi limefunguliwa tena. Jenereta ni ya kukodi, kompyuta ni moja. Zile zako mbili walizibeba waporaji wiki uliyokufa, pamoja na mlango.

Ulikufa kwa malaria. Bunia nzima ilikuwa inakufa kwa risasi, na watu walioleta pole walikuwa wananiuliza mara mbili: malaria? Tulikuzika asubuhi, haraka, milio ilipotulia kidogo. Msalaba tuliuacha mpaka siku ya kumaliza matanga.

Ombi lako nililishika. Ulikuwa umelala mkekani, ukaniambia, «Jina yangu muandike na herufi za kwetu Ethiopia. Za Wafaransa nimeandika ya kutosha.» Sikuzijua herufi hizo. Nilijua tu kwamba jina lako liko kwa herufi hizo juu ya barua zako zote, na kwamba disketi moja ya barua hizo ilibaki mfukoni mwangu. Nikaenda nayo parokiani, wakaniruhusu kutumia kompyuta yao. Barua ikafunguka vizuri. Lakini mahali pa jina lako palisimama visanduku vitatu vitupu.

Nilichapa karatasi ile ili mke wako, Mama Neema, aone kwamba imeshindikana. Nikaiweka mezani kwake, nikatoka kutafuta maji. Niliporudi, shemeji yako, akidhani ndizo herufi zenu, alikuwa ameshaipeleka kule mtaa wa Shari kwa Papa Jules, fundi wa misalaba. Na unamjua Papa Jules, hafanyi kazi nusu. Alichonga visanduku vitatu, pembe zote sawa, akavipaka rangi nyeusi.

Siku ya matanga walitoa kitambaa, watu wakainamisha vichwa. Pasta alisema ni maandishi ya zamani sana. Jioni nilimwambia Mama Neema ukweli. Akasema, «Tuyaache kwanza. Watu wanayaheshimu.» Basi ukakaa hivyo, chini ya jina ambalo hakuna mtu duniani anayeweza kulisoma. Iliniuma, lakini mambo ya kuuma yalikuwa mengi.

Mapigano yalipopungua alikuja mfanyabiashara wa kwenu akitokea Kampala, akitaka fotokopi. Nikamwonyesha visanduku. Hakucheka. Alieleza kwamba kila herufi yenu imepewa namba yake, na namba hiyo ni moja katika kompyuta zote. Mashine ya parokia ilizishika namba zako vizuri, ila haikuwa na michoro ya herufi zenyewe. Akaingiza michoro hiyo kutoka disketi yake. Nikafungua barua yako ileile, sikugusa kitu:

ከበደ

Hapo ndipo nilipolia, Patroni. Kwenye mazishi sikulia.

Papa Jules hakufurahi kurudia kazi. Alisema, «Ile ya kwanza ilikuwa ya maana. Hii iko sawa miguu ya kuku.» Lakini alichonga, na alichonga vizuri. Jumapili tuliung'oa msalaba wa zamani, tukasimika mpya. Mama Neema aliupangusa kwa kitenge chake, akakaa chini.

Mtoto wako Neema hakukaa. Alizunguka kati ya makaburi, akitazama msalaba mmoja mmoja, mpaka nikaona ajabu. Kisha akarudi akanishika mkono. «Tantine, wamemuhamisha papa wapi?»

Shuleni, kumbe, wakiwaambia waandike jina la baba, mtoto wako huchora visanduku vitatu.

Nilichuchumaa naye. Nikakishika kidole chake, nikakipitisha ndani ya mbao, herufi kwa herufi, kama yule mgeni alivyonisomea: ke, be, de. Alirudia peke yake. Mara ya pili alikosea katikati, akaanza upya bila kuambiwa.

Pumzika sasa, Patroni. Nakuahidi mtoto huyu atajua kuandika herufi za kwenu, zote. Mimi mwenyewe ninazijua tatu tu. Tumeanza na hizo.

Ni mimi, Dorika wako wa mashine.