Kifungo Kilichopotea

Baba watoto,

Watoto wazima, paa la jikoni bado linavuja, na mimi bado nauza suti pale pale dukani. Eti unaniuliza uvae vifungo gani vya mikono ya shati siku ya harusi yako. Una macho makavu, lakini kazi ni kazi, nitakujibu.

Vile vyeusi ni vya sherehe za usiku. Vya dhahabu havipatani na saa yako ya fedha. Harusi ni mchana, kwa hiyo vaa vile vya fedha nilivyokununulia tulipooana.

Unasema kimoja kimepotea, hujui wapi. Mimi najua. Mpangaji wangu alipohama nilifagia chumba chake, nikakikuta chini ya kitanda. Ndiyo, yule yule shoga wa mchumba wako, atakayemsimamia harusini.

Usihangaike kukifuata. Nimekisugua kikang'aa, nikampelekea bibi harusi mwenyewe na kumweleza nilikokiokota. Alikifunga tu kwenye leso.

Mkono wa kulia hujawahi kuufunga mwenyewe, nilikuwa nakufunga mimi. Siku hiyo mwombe yeye, kama atatokea.

Mama watoto